Mikono Mitatu ya Rangi

Kwa miaka thelathini na minne Mzee Sifael Nkya aliishi juu ya ngazi. Alichora majina ya maduka ya Moshi mjini, akachora meno kwenye milango ya waganga wa meno na samaki kwenye kuta za migahawa, na aliwahi kupaka kanisa zima bila kudondosha tone moja kwenye kioo cha dirisha. Aliweza kusimama ng'ambo ya barabara, akautazama ukuta kwa jicho moja, akakuambia umepakwa mikono mingapi ya rangi na mkono upi ulipakwa na mtu mwenye haraka. Kisha zikaja mashine za kuchapisha mabango. Bango lililokuwa likimchukua siku tatu likawa linatoka mashineni kabla chai haijapoa. Mwaka ambao hakupata hata mlango mmoja wa kuchora, alifunga banda lake la Majengo, akakusanya brashi zake, akapanda nyumbani Masama kwa mkewe, Elinipendo.

Kihamba kilikuwepo, migomba na kahawa kuzunguka nyumba, na ng'ombe wawili wa maziwa zizini. Lakini kihamba kina mwenyewe, na mwenyewe kwa kawaida ni mama. Sifael alikuwa kama mgeni ambaye hajaonyeshwa pa kukaa. Alikata majani ya ng'ombe, akaambiwa ni makavu. Alipunguza migomba, akaambiwa amekata ule uliokuwa na mkungu tumboni. Mwezi wa tatu akazitoa brashi. Alipaka geti. Akapaka mawe ya njiani, moja jeupe, moja jekundu, hadi barabarani. Akapaka viti, bomba la maji, banda la kuku na ndoo. Elinipendo aliwaambia wenzake wa kwaya kwamba ng'ombe wao wamenusurika kwa sababu tu hawatulii.

Ndipo akaifikia plau.

Familia ile ilikuwa na ekari tatu tambarare, chini ya Kwa Sadala, za kulima mahindi. Udongo wa kule ni mweusi, wa mfinyanzi. Ukikauka unapasuka hadi mkono unaingia, na ukilowa unashika kiatu mpaka mguu unatoka peke yake. Walilima kwa plau ya kukokotwa na ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wa Kornel, mwanamume wa makamo aliyekaa kule kule chini na aliyelima mashamba ya nusu ya majirani. Sifael aliitazama plau yao, akaona chuma kimepauka, akakionea huruma. Akaipaka mikono miwili ya rangi ya buluu ya mafuta, kila sehemu: mikono ya kushikia, mhimili, ulimi unaokata udongo, na zaidi ya yote lile bapa lililopinda ambalo huupokea udongo uliokatwa na kuugeuza. Bapa lile aliling'arisha hadi ungeweza kunyolea ndevu mbele yake.

Mwaka ule walilima vizuri. Sifael alishuka asubuhi ya siku ya kulima akiwa na chupa ya chai, akakuta Kornel ameshapiga mifuo minne na bapa linameta, udongo unateleza juu yake kama samaki. Buluu ilikuwa imekwisha toka. Sifael hakushangaa. Alisimama pembeni ya mfuo akafikiri, na hadi chai ilipoisha alikuwa ameshapata nadharia. Chuma, alisema, kina vinyweleo kama ngozi ya mtu. Rangi inaingia ndani na kuviziba, halafu ile ya juu inaondoka kwa heshima zake, na udongo ukifika unakuta hakuna pa kushika.

Nadharia hiyo aliihubiri kwa miaka kumi. Aliisema msibani na harusini. Aliisema katika kikundi cha wakulima cha usharika, ambacho mwenyekiti wake, Mama Elizabeth, aliiandika kwenye kumbukumbu za kikao kwa neno lake lile lile, vinyweleo. Kila mwaka kabla ya masika aliipaka plau mikono miwili, kila mwaka Elinipendo alitangulia kushuka nayo siku mbili kabla, akisema anakwenda kuchagua mbegu na kukaa na mke wa Kornel, na kila mwaka Sifael alifika na chai yake akakuta chuma kinameta. Jambo moja tu lilikuwa likimsumbua nyumbani: msasa wake ulikuwa ukiisha. Alikuwa na boksi la karatasi za msasa tangu enzi za Majengo, na kila akifungua zilikuwa zimepungua. Alisema ni panya. Elinipendo alikubali kwamba panya wa siku hizi wana tabia mbaya.

Mwaka huu, mwezi wa kwanza, binti yao Brenda alijifungua huko Morogoro. Elinipendo akafunga ndizi za mtori kwenye gunia, akafunga na samli, akaenda kumlea mzazi, na kumlea mzazi kwao si kazi ya wiki moja. Akiwa mlangoni alimwambia mumewe kwamba plau mwaka huu aiache bila rangi, ipumzike. Sifael alicheka. Alijua mkewe ni mtu wa utani. Mvua za kwanza zilipogusa tambarare aliitoa plau, akaipaka, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwambia imetosha, akaipaka mikono mitatu.

Kornel alipoiona ikishushwa kwenye gari alikuna shingo. Aliomba aipitishe kwanza kidogo kwenye mchanga wa korongo, mara mbili tatu tu. Sifael akauliza nani alishawahi kuona bibi harusi anapitishwa korongoni kabla ya kwenda kanisani. Kornel akatazama chini, akawafunga nira ng'ombe wake, Kifaru na Meneja, na kazi ikaanza.

Hatua ishirini za kwanza zilikwenda. Kisha udongo ukaacha kugeuka. Ulipanda juu ya bapa, ukakaa. Uliofuata ukakalia uliotangulia. Kufikia hatua ya thelathini plau haikuwa na bapa tena, ilikuwa na donge jeusi la ukubwa wa mbuzi, nalo halikuwa linalima, lilikuwa linasukuma. Kifaru akainamisha kichwa akavuta. Meneja, ambaye hakuitwa hivyo bure, alisimama, akatafakari, akalala chini.

Walilikwangua donge kwa kijiti. Wakaenda hatua kumi, likarudi. Wakakwangua tena. Sifael alilaumu majani waliyokula ng'ombe. Baadaye alilaumu mvua kwamba imezidi, halafu akalaumu mkono wa Kornel kwamba unaibana plau. Kornel alimpa mikono ya plau kwa adabu zote, na Sifael akaishika mwenyewe kwa hatua nane, akaanguka magoti. Hadi saa sita walikuwa wamelima kipande ambacho mkeka mmoja na nusu ungekifunika.

Hapo ndipo Denis alipokuja kutoka shamba la pili. Denis alikuwa kijana wa miaka arobaini, mwanachama wa kikundi, mtu msikivu. Mwaka huu aliamua kuacha ubishi na kufuata mafundisho ya Mzee Sifael, akaipaka plau yake rangi ya kijani. Plau ilikuwa nyuma yake sasa, inaburutwa, imefunikwa na tope hata kijani hakionekani. Alisema shikamoo. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama labda alikosea kuchanganya, maana alitia mafuta ya taa kidogo ili rangi iwe nyepesi. Sifael alimjibu kwamba ndiyo, itakuwa ni hayo mafuta ya taa. Jibu hilo lilimkaa rohoni njia nzima ya kurudi nyumbani.

Asubuhi yake alifungua nati, akalitoa bapa, akalitia guniani, akashuka mjini kwa Yoramu Mfinanga.

Yoramu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Majengo, Mpare wa Usangi, na kwa miaka kumi na minne banda lake lilikuwa limepakana na lile la Sifael. Katika miaka hiyo yote hawakuwahi kusalimiana kama watu wa kawaida. Alipomwona anaingia na gunia, Yoramu aliuliza kama dunia imegeuka, maana Mchagga hubeba mzigo kuupandisha mlimani, hajawahi kuonekana akiushusha. Sifael akamwambia amekuja kwa jambo fupi, na anaomba wasibishane, kwani Mpare akishindwa kwa hoja hukata rufaa.

Alilitoa bapa akaeleza. Chuma kimeharibika, alisema. Miaka kumi kimefanya kazi vizuri na rangi ile ile, sasa kimegoma. Alitaka kujua kama chuma huzeeka.

Yoramu aliliosha bapa kwenye ndoo, akaligeuza juani. Akachukua tindo nyembamba, akakwangua ile pembe ya juu kabisa, nyuma ya shimo la nati, mahali ambapo udongo haufiki hata ukilima mwaka mzima. Rangi ilitoka kama ganda. Akaliweka lile ganda kwenye kiganja cha Sifael.

"Mikono mingapi hiyo?" aliuliza.

Sifael hakuhitaji hata miwani. "Mitatu."

"Ya lini?"

"Ya mwaka huu, yote."

"Basi niambie wewe fundi rangi," alisema Yoramu. "Ya miaka mingine kumi iko wapi?"

Sifael alilitazama lile ganda. Mtu ambaye aliweza kuuhesabu ukuta akiwa ng'ambo ya barabara alikuwa amelipaka bapa lile mara kumi na moja bila kujiuliza kwa nini kila mara anapaka juu ya chuma kitupu. Pembeni kabisa, chini ya mahali palipokwanguliwa, chuma kilikuwa na michirizi midogo, mingi, iliyonyooka yote upande mmoja. Haikuwa michirizi ya udongo. Yoramu alipitisha kidole juu yake akasema, bila utani safari hii, kwamba hii imesuguliwa kwa msasa, tena kila mwaka, tena na mtu asiyejua uvivu.

Sifael alikaa kwenye gogo la mlangoni. Yoramu, ambaye kwa kawaida asingeikosa nafasi kama ile, akaenda kuagiza chai.

Alimpigia mkewe kwa video, hapo hapo. Elinipendo alitokea akiwa na mjukuu begani.

"Mama Brenda," alisema Sifael, "nimelileta bapa kwa Yoramu."

Elinipendo alimhamishia mtoto bega la pili. "Amesemaje?"

"Amesema rangi ya miaka yote haipo."

"Yoramu ana macho."

"Ulikuwa unaitoa."

"Kila mwaka," alisema Elinipendo. "Siku nzima, na nyingine nusu. Kwa msasa wako."

"Kumbe si panya."

"Panya gani anakula msasa, Baba Brenda? Nilikuwa nangoja tu uulize."

Hakuwa na hasira, na wala hakuwa na kicheko. Sifael aliuliza kwa nini hakumwambia tangu mwaka wa kwanza, akamwacha aipake plau na kuhubiri mbele za watu kama mwendawazimu. Mtoto alicheua, Elinipendo akamfuta.

"Siku ile ya kwanza ulipoipaka ulikuwa unapiga mluzi," alisema. "Tangu ufunge banda lako sikuwa nimeusikia. Ulikuwa unaamka, unakaa, unatazama mikono yako. Sasa nikuambie nini? Nikasema kusugua ni kazi ya siku moja na nusu. Naiweza."

Sifael alisema sawa. Akasema tena sawa. Kisha akamwomba amweleze anavyosugua.

Elinipendo alimweleza kama anavyoelekezwa mpishi. Kwanza aitoe rangi yote kwa tindo na kipande cha tofali, asiache hata doa, kwa sababu udongo ukipata doa moja la kushika unaitana. Kisha msasa wa kukwaruza, halafu ule laini. Asisugue kwa kuzungusha mkono kama anafuta dirisha. Asugue kufuata njia ambayo udongo utapita, kutoka kwenye ulimi kupanda kwenye bapa, hadi akipitisha kiganja kisikwame. Akimaliza apake mafuta ya ng'ombe, si kwa ajili ya uzuri bali kutu isiingie usiku, kwani kutu na rangi mbele ya udongo ule ni ndugu.

Alifanya hivyo kwa siku mbili, amekaa kwenye kiti cha buluu alichokipaka mwenyewe. Siku ya kwanza mikono ilimuuma, ya pili mabega. Jioni ya pili hakuweza kuinua kikombe bila kukishika kwa mikono yote miwili, na akawa anafikiri juu ya mabega ya mkewe, mara kumi, na kila mara siku ya tatu yake ameamka akapika, akashika mbegu, akapanda. Alikumbuka kwamba katika miaka yote ile alikuwa akimwambia, anapofika na chai, kwamba anaonekana kuchoka na ajifunze kupumzika.

Jumapili baada ya ibada kikundi kilikutana. Sifael aliomba nafasi kabla hata Mama Elizabeth hajafungua kikao. Alisema habari ya vinyweleo ilikuwa uongo, ingawa aliusema kwa moyo safi. Alisema rangi ni nzuri kwa geti, kwa mhimili wa plau na kwa mikono yake, mahali pa kulindwa na mvua. Lakini uso unaokutana na udongo unataka chuma kitupu kilicholainishwa, na hilo hakulijua yeye, alilijua mke wake. Alimwambia Denis mbele ya wote kwamba mafuta ya taa hayakuwa na kosa. Kisha Mama Elizabeth akauliza, kalamu mkononi, kama vinyweleo vifutwe kwenye kumbukumbu za miaka yote kumi au atie mstari mmoja tu mkubwa, na kikao kikacheka kwa muda mrefu kuliko kilivyojadili. Mzee mmoja wa nyuma alisema yeye alikuwa ameshaanza kupaka jembe la mkono. Denis peke yake ndiye hakucheka sana, ila alikuja baadaye akamshika Sifael mkono, akaomba aazimwe msasa.

Mama Elizabeth, ambaye aliwahi kuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa, hakuridhika na cheko. Alisema kikundi kimedanganywa mara moja kwa maneno na hataki kidanganywe tena kwa maneno mengine, hata kama ni ya Elinipendo. Aliazima ile mizani ya kuning'iniza inayopimia magunia ya kahawa. Ikifungwa kati ya mnyororo wa ng'ombe na plau, alisema, itaonyesha ng'ombe wanavuta kilo ngapi, na mizani haijawahi kuhubiri.

Walipima Jumanne, kwenye shamba la Sifael. Yoramu naye alikuja, hakuna aliyemwalika, amebeba kitu kwenye karatasi ya saruji. Kilikuwa bapa la tatu, baada ya la Denis lenye rangi na la Sifael lililosuguliwa, na halikuwa la chuma peke yake. Alikuwa amekata kipande cha pipa la plastiki, lile zito la buluu, akakipasha moto, akakipindisha, akakifunga kwa nati juu ya bapa la chuma chakavu. Alieleza kwamba wafyatua tofali wa Pasua hawachoti tope kwa beleshi. Wanachota kwa madumu yaliyokatwa, kwa sababu tope linalogandia chuma halikai kwenye plastiki. Amelitazama jambo hilo miaka mingi akipita. Sifael alisema Mpare hawezi kulitupa pipa hata likipasuka, lazima alitafutie kesi. Yoramu akakubali kwamba ndivyo ilivyo.

Walianza na bapa la Denis, ambalo bado lilikuwa na kijani chake. Sifael aliomba asome yeye. Alitembea kando ya ng'ombe ameinama kwenye mizani, na kila mara donge lilipokua sindano ilipanda, hadi akasema kwa sauti ya kusikika shamba zima, "Mia na hamsini na tano." Meneja alikuwa ameanza kutafuta mahali pa kulala. Wakafunga bapa lililosuguliwa. Udongo ulipanda, ukajipinda, ukaanguka upande wa pili ukiwa umegeuka vizuri, mweusi, unang'aa, na Mama Elizabeth akasoma mia na nane, mia na tano, mia na kumi. Kornel aliachia mkono mmoja wa plau akawa anaishika kwa mwingine, kama mtu anayetembea na mtoto. Kisha wakafunga la plastiki. Tisini na nne. Donge halikukaa kabisa, hata pale penye maji. Yoramu alianza kutembea kwa mwendo ambao Sifael aliutambua, kwani yeye mwenyewe aliutembea miaka kumi.

Mwendo huo ulidumu hadi upande wa korongo, mahali ambapo shamba lina mchanga na vijiwe. Waliposimamisha ng'ombe na kulitazama, plastiki ilikuwa imechanwa kama imekunwa na paka, na ukingo wake wa mbele, mahali inapokutana na ulimi, ulikuwa umeanza kuinuka. Yoramu alichuchumaa mbele yake.

Sifael angeweza kusema mengi. Alikuwa nayo tayari, mengine yalikuwa ya zamani. Badala yake alichuchumaa pia, akachukua kijiti akachora ardhini mstari wa ule ukingo, jinsi ulivyopaswa kuanza, si kwenye ulimi bali vidole vitatu nyuma yake, ukiwa umelala ndani ya chuma ili jiwe lisipate pa kuudaka. Ulimi wenyewe ubaki chuma, Yoramu autie mshono wa waya mgumu wa kuchomelea pale mbele ili usiishe upesi. Yoramu alitazama mchoro, akaufuta kidogo kwa kidole gumba, akauchora upya.

"Kwa udongo mweusi tu," alisema. "Penye mawe watumie chuma cha mama."

"Cha mama," alisema Sifael.

Walimaliza ekari zote tatu siku mbili na nusu, kwa bapa la chuma, na mahindi yakaingia ardhini kabla mvua kubwa haijaanza. Denis alisugua lake na kupanda wiki moja nyuma yao. Bapa la pili la Yoramu, lile lenye ukingo uliolazwa ndani, lilichukua majuma matatu kutengenezwa. Vipimo vyote alivichora Sifael, na Yoramu alikata mara moja, akafunga, likakaa. Alinung'unika kwamba haijawahi kutokea kitu kikakaa mara ya kwanza katika banda lile na kwamba kinampa wasiwasi. Kuanzia hapo Sifael akawa anashuka Majengo kila Alhamisi, na watu wa tambarare wakaanza kuleta mabapa yao.

Elinipendo alirudi wiki moja kabla ya Pasaka. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Kilikuwa kimebaki kipande kidogo cha maharage, nje ya zile ekari tatu, karibu na kwa Kornel, na Sifael alikuwa amekiacha kwa makusudi, ingawa alisema ni mvua. Walishuka pamoja safari hii. Elinipendo alilikuta bapa la plastiki limefungwa, akalipapasa kwa kiganja kuanzia chini kwenda juu, akauliza nani amelainisha ule ukingo. Sifael alisema ni yeye. Akalipapasa tena, akasema amejitahidi, ila pale kwenye nati pana kona.

Kisha akaomba ashike plau. Alikuwa ameiandaa mara kumi na moja, kama ukihesabu na ile aliyoifundisha kwa simu, na hakuwahi kulima nayo hata mfuo mmoja. Kornel akampa mikono, akaenda mbele kuwaongoza ng'ombe. Elinipendo aliyumba hatua tatu za kwanza, akaipata. Udongo ulipanda kwenye bapa, ukageuka, ukalala upande wake, na yeye akautazama ukigeuka hadi akasahau kutazama mbele, mfuo ukapinda. Sifael, aliyekuwa akitembea kando yake na chupa ya chai, alimwambia mfuo umepinda.

"Unyooshe wewe," alisema Elinipendo, akaendelea kulima.